Waliolibeba Kanisa Bado Wanaambiwa Wasubiri

Septemba 1900, mjini Richmond, Virginia, msichana wa miaka 21 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Wabaptisti weusi wa Marekani akawaeleza wachungaji waliojaa ukumbini jinsi akina dada wanavyozuiwa kulitumikia kanisa lao. Aliitwa Nannie Helen Burroughs. Wanawake walikwisha kujaribu kuunda jumuiya yao wenyewe na wanaume wakaizima. Safari hii ilishindikana kuzimwa. Jumuiya ikaanzishwa, Burroughs akawa katibu wake, na katika mwaka wa kwanza tu alisafiri zaidi ya maili 22,000, akatoa hotuba zaidi ya 200 na kuandika barua zaidi ya 9,000. Mwaka 1909 akafungua shule ya wasichana Washington, na sehemu kubwa ya fedha ilichangwa senti kwa senti na madobi, wapishi na watumishi wa majumbani. Alipofariki mwaka 1961 alikuwa rais wa jumuiya ileile. Hakuwahi kuolewa.

Nimeanza naye kwa sababu mwanamke wa aina yake akiingia leo katika makanisa mengi ya Wamarekani weusi, akiwa na miaka 38 na kidole chake hakina pete, ataambiwa kwamba Mungu bado anamwandaa. Ataambiwa huu ni msimu wake wa kusubiri. Apunguze ukali, afunge, aombe, ajitunze, maana Boazi wake, kama yule tajiri wa Biblia aliyemwoa mjane Ruthu, yuko njiani. Maneno haya husemwa kwa upendo, mara nyingi na wanawake wenzake, na wanaoyasema wanaamini wanamfariji. Mimi naona yanamwonea. Uhaba wa ndoa katika jamii ile una sababu zinazojulikana, na sababu hizo zilitengenezwa na sheria, ajira na magereza. Kanisa likimtwisha mwanamke mmoja mmoja mzigo huo kana kwamba ni kasoro ya imani yake, linamtwisha mtu yuleyule anayeliweka hai.

Utafiti wa kituo cha Pew uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa asilimia 84 ya wanawake weusi wa Marekani walisema dini ni jambo muhimu sana maishani mwao, na asilimia 59 walihudhuria ibada angalau mara moja kwa wiki. Hakuna kundi jingine la wanaume wala wanawake wa rangi yoyote nchini humo lililowafikia. Lakini hata bila takwimu, ingia katika kanisa kama hilo Baltimore, Memphis au upande wa kusini wa Chicago nusu saa kabla ya ibada. Mlangoni utapokewa na akina mama waliovaa glavu nyeupe, mkono mmoja nyuma ya mgongo, mwingine unakuelekeza kiti na kukupa bahasha ya sadaka pamoja na upepeo wa karatasi wenye tangazo la nyumba ya mazishi. Pembeni ya madhabahu wamekaa akina mama wa huduma ya uuguzi, sare nyeupe mpaka viatu, tayari kumshika atakayezidiwa na Roho. Kwaya imejaa akina dada. Chini jikoni kuna kuku wanaokaangwa kwa ajili ya chakula cha baada ya ibada, na anayekaanga ni mwanamke, na anayehesabu sadaka ofisini huenda ni mwanamke pia.

Halafu tazama mbele. Meza ya mashemasi wamekaa wanaume. Mimbari ni ya mwanamume. Kiti cha heshima cha mwanamke, kile cha safu ya kwanza, ni cha mama mchungaji, ambaye amekipata kwa kuolewa na mchungaji. Sina neno baya juu ya akina mama wachungaji, kazi yao ni ngumu na mara nyingi haina mshahara. Ila mshirika aliyetunza vitabu vya fedha kwa miaka ishirini bila senti kupotea hana kiti kama hicho, na asipoolewa ataendelea kuhesabiwa miongoni mwa "vijana na wasiooa" hata mvi zikimtoka.

Turudi kwenye sababu. Kuanzia mwaka 1890 hadi 1940, wanawake weusi wa Marekani waliolewa mapema kuliko wenzao weupe. Kufikia 1950 viwango vya ndoa vya makundi yote mawili vilikaribiana. Bibi zao waliomba Mungu yuleyule, walisoma Biblia ileile, na wengi wao walikuwa na ulimi mkali kuliko wajukuu zao. Kilichobadilika baadaye ni dunia iliyowazunguka. Viwanda vya Detroit, Cleveland na St. Louis vilivyowapa wanaume weusi mishahara ya kuanzisha familia vilifungwa au kuhama. Kisha magereza yakapanuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wafungwa wa magereza ya majimbo na ya serikali kuu walikuwa takribani 200,000. Kufikia mwaka 2009 walizidi milioni 1.5, na weusi walikuwa wengi mno kuliko sehemu yao katika idadi ya watu wa nchi. Sheria ya mwaka 1986 iliweka kifungo cha miaka mitano kwa gramu 5 za kraki, yaani kokeini ya vipande ya kuvutwa, dawa ya kulevya iliyouzwa zaidi katika mitaa ya weusi maskini. Aliyekamatwa na kokeini ya unga, iliyopendwa na wenye fedha, alihitaji kuwa na gramu 500 ndipo apate adhabu hiyo. Bunge lilipunguza pengo hilo mwaka 2010, wakati kizazi kizima cha wanaume kilikwisha kupita kizimbani.

Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilipiga hesabu. Kwa kila wanawake weusi 100 wa miaka 25 hadi 54 walio nje ya magereza, walikuwapo wanaume weusi 83 tu. Waliobaki walikuwa gerezani au wamekufa mapema, kwa risasi, kwa maradhi ya moyo, kwa ajali. Kwa Wamarekani weupe uwiano ulikuwa wanaume 99 kwa wanawake 100. Juu ya hayo, mwaka huohuo robo hivi ya wanaume weusi waliofunga ndoa waliwaoa wanawake wasio weusi, na kwa wanawake weusi walioolewa na wanaume wa asili nyingine ilikuwa asilimia 12. Halafu ongeza sharti la kanisa, "msifungiwe nira pamoja na wasioamini," katika makanisa ambamo safu baada ya safu wameketi wanawake. Dada anayetafuta mwanamume mweusi, aliyeokoka, wa rika lake, asiye na mke, anatafuta katika kundi ambalo lilipunguzwa na mikono mingi kabla yeye hajavuka umri wa kuvunja ungo. Haishangazi kwamba mwaka 2012 wanawake weusi waliofikia miaka ya mwanzo ya arobaini na kuwahi kuolewa hawakufika theluthi mbili, ilhali kwa weupe walikaribia tisa katika kila kumi.

Mhubiri anayejua hesabu hizi na bado anawaambia wanawake 300 waliomo ukumbini kwamba kila mmoja ana Boazi wake, anawaahidi kitu ambacho Mungu hakukisema.

Najua kwa nini mimbari ile inaipenda ndoa kiasi kile, na sababu yenyewe inastahili heshima. Chini ya utumwa ndoa ya mtu mweusi haikutambuliwa na sheria. Mwenye watumwa aliweza kumuuza mume Georgia na mke akabaki Virginia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, watu walioachwa huru walimiminika kuandikisha ndoa zao, wengine wakiwa wameishi pamoja miaka mingi na wana wajukuu. Gazeti la kanisa la Wamethodisti weusi, AME (African Methodist Episcopal), liitwalo Christian Recorder, lilichapisha matangazo ya watu wanaowatafuta waume, wake, mama na watoto. Tangazo lilitaja jina la aliyewamiliki zamani, kaunti, aliyemnunua mtu huyo, mara ya mwisho alionekana wapi, na mara nyingi liliishia kwa kuwaomba wachungaji walisome mbele ya washirika wao. Fikiri Jumapili ile: mchungaji anafungua gazeti, anasoma jina la mwanamke aliyeuzwa miaka kumi na tano iliyopita, kisha anainua macho kuwatazama watu, kama yupo atakayesimama. Kanisa lililofanya kazi hiyo lina kila haki ya kuililia ndoa. Lakini aliyeibiwa hapigiwi kelele kwamba hakulinda vizuri, na huko ndiko mahubiri ya siku hizi yalikoteleza.

Sasa huyu Boazi. Aliyewafundisha wanawake kukaa kimya wakimsubiri sijui alisoma kitabu kipi, maana Ruthu hakukaa. Alikuwa mjane, mgeni kutoka Moabu, maskini. Alitoka kwenda kuokota masazo shambani ili yeye na mkwewe wale. Sura ya tatu inasema alioga, akajipaka mafuta, akashuka usiku mpaka uwanja wa kupuria, akalala miguuni pa yule mzee, na alipogutuka akamwambia waziwazi anachotaka kwake. Leo dada wa kwaya akithubutu hata theluthi ya hayo, ataitwa ofisini. Tena kile kiapo kinachopendwa harusini, "Watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu," Ruthu hakumwapia mwanamume. Alimwapia Naomi, mama mkwe aliyefiwa na mume na wanawe wote wawili. Kwa hiyo hata katika kisa hiki kinachotumika kuwahimiza wasubiri harusi, aliyeachwa na wote anapata kwanza mtu anayekataa kumwacha, na mtu huyo ni mwanamke. Sijasikia hilo likihubiriwa kwenye kongamano la wasioolewa.

Mithali 18:22 nayo hutumika vibaya: "Apataye mke apata kitu chema." Wanawake hufundishwa kwamba kwa kuwa mume ndiye anayepata, wao wajifiche wapatikane. Na Paulo, ambaye makanisa haya humnukuu bila kuchoka kuhusu mavazi na ukimya wa wanawake, aliwaandikia Wakorintho juu ya wasiooa na wajane kwamba "heri wakae kama mimi nilivyo." Mstari huo hupitwa haraka haraka.

Kinachoniumiza zaidi ni namna aibu inavyogawanywa. Katika makanisa mengi ya Kibaptisti ya weusi, hasa Kusini mwa Marekani, ilikuwa desturi msichana asiyeolewa akipata mimba aletwe mbele ya washirika aombe msamaha. Aliyempa mimba, ambaye pengine alikuwa safu ya nne akiimba, hakuitwa. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa sana, maana wanajua kutengwa na kurudi kundini, na wanajua ni nani hasa husimamishwa pale mbele. Wanaume wakiwa wachache kanisani, mwanamume mmoja mwenye kazi na suti safi huwa mali adimu, na mali adimu haikemewi. Anaweza kuchumbia huyu, akahamia kwa yule, na wote wawili wakaambiwa waendelee kumwombea.

Sitaki kusikika kama ninasema kukaa bila mume ni raha. Wapo waliochagua na wana amani, na wapo ambao usiku ni mrefu. Kuomba mume ni ombi halali kabisa, sawa na kuomba mkate. Nilipokuwa naishi Maryland, dada mmoja tuliyekuwa tukisali naye alitakiwa kufanyiwa upasuaji mdogo wa siku moja. Huko hawakuruhusu kuondoka baada ya dawa ya usingizi mpaka aje mtu mzima wa kukupeleka nyumbani, na fomu ina mstari wa kuandika jina lake. Huyu ni mwalimu wa shule ya Jumapili, mtoaji wa fungu la kumi, mtu anayejua siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa kanisa. Aliniambia alikaa na ile fomu mezani jioni nzima akijiuliza amwandike nani bila kumsumbua. Nilimwambia aniandike mimi. Tukiwa ndani ya gari, bado amelewa dawa, alisema, "Mdogo wangu, sitaki waniombee mume leo. Nataka mtu wa kunichemshia supu."

Kanisa lake lilikuwa na bajeti ya mafungo ya wanandoa hotelini, na chakula cha jioni cha Februari chenye meza za watu wawili wawili. Kwa wasioolewa palikuwa na maombi ya Jumatano.

Historia ya imani ile ingekuwa fupi sana bila wanawake wasio na waume. Mwaka 1819, katika kanisa la Bethel la AME, Philadelphia, mhubiri mmoja alipwaya katikati ya mahubiri juu ya Yona. Jarena Lee, mjane, akaruka kutoka alipoketi akaendelea na andiko hilo. Alitegemea kufukuzwa. Askofu Richard Allen, ambaye miaka minane nyuma alimwambia kanuni hazimruhusu mwanamke kuhubiri, akasimama na kusema mbele ya wote kwamba mwito wa mama huyu ni wa kweli. Lee alitembea maelfu ya maili akihubiri. Na bado kanisa hilohilo la AME lilimpata askofu wa kwanza mwanamke, Vashti McKenzie, mwaka 2000. Dorothy Height aliongoza Baraza la Taifa la Wanawake Weusi kwa miaka arobaini tangu 1957 na hakuolewa. Siku ya maandamano makubwa ya Washington mwaka 1963 alikuwa jukwaani karibu na Martin Luther King, na hakupewa kipaza sauti.

Anayenishika moyo kuliko wote ni Maria Fearing, pengine kwa sababu alifika upande wetu wa bahari. Alizaliwa mtumwa huko Alabama mwaka 1838 na akajifunza kusoma akiwa na miaka zaidi ya 30. Alifanya kazi katika bweni la chuo cha Talladega, akajinunulia nyumba. Mwaka 1894 alisikia wito wa kwenda Kongo. Bodi ya misheni ya Wapresbiteri ikamkataa, mzee mno, miaka 56. Fearing akauza nyumba, akachukua akiba yake na mchango wa akina mama wa kanisa, akajilipia safari. Huko Luebo, Kasai, alifungua makao ya wasichana. Wengi wao walikuwa wametekwa kuwa watumwa, na yeye, aliyewahi kuwa mali ya mtu, aliwakomboa mmoja mmoja kwa kuwalipia bidhaa. Watoto wale walimwita mama kutoka mbali. Alifanya kazi huko mpaka 1915, akafariki mwaka 1937 akikaribia miaka mia. Sioni msimu wowote wa kusubiri katika maisha hayo. Bodi ndiyo iliyochelewa, ikaja kumlipa mshahara baada ya kuona kazi.

Mahubiri ya kumsubiri Boazi sasa yanafika Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura kwa televisheni na YouTube, na wahubiri wetu huyabeba yalivyo, wakayaongezea ya kwetu: roho ya kukataliwa, jini mahaba, minyororo ya ukoo inayozuia posa. Dada wa Sinza mwenye miaka 33 anaombewa atoke kitu kinachomfukuzia wachumba. Huku hesabu ya ndoa ni nyingine na historia ni nyingine, lakini mzigo unawekwa kichwani pa mtu yuleyule, na safari hii anaambiwa ana pepo. Hili lina madhara makubwa kuliko la Marekani, kwa sababu anayeamini kuwa ana pepo atatoa fedha nyingi ili litolewe, na ataolewa na yeyote ili kuthibitisha kwamba limetoka.

Mchungaji mwenye nia njema ana kazi nyingi za kufanya hapo. Makanisa ya weusi Marekani yana sauti mbele ya mabunge ya majimbo yao. Yakiisema habari ya magereza na ajira kwa nguvu ileile yanayotumia kuzungumzia mavazi ya wasichana, yatakuwa yamefanya kitu kwa ajili ya ndoa. Mwanamume anayewazungusha akina dada anaweza kuitwa ofisini kama anavyoitwa mwanamke. Siku ya Akina Mama, maua yanaweza kumfikia aliyelea watoto wa wengine bila yeye kuombwa abaki ameketi wakati wenzake wanasimama. Na mkutano wa mwaka wa washirika unapopitisha bajeti, mweka hazina, ambaye yaelekea ni mwanamke na yaelekea hana mume, anaweza kuulizwa ni kiasi gani kimetengwa kwa mafungo ya wanandoa na ni kiasi gani kimetengwa kwa gari la kumfuata mshirika hospitalini, kwa mtu wa kulala naye usiku wa kwanza, kwa mazishi ya asiye na mume wala mtoto. Tarakimu hizo zisomwe kwa sauti, kila moja na mstari wake, kabla watu hawajapiga kura.